Fangasi wa ubongo: wino wa India haujaonyesha kitu, tumruhusu mgonjwa?

Kliniki_Tukuyu: Wakuu, habari za kazi. Mgonjwa ana VVU, CD4 (chembe za kinga) 60, kichwa kinamuuma wiki ya pili na anaona viwiliviwili. Shingo haijakaza. Maji ya uti wa mgongo tumeyapima kwa wino wa India (rangi ya kuonyesha fangasi kwenye hadubini), hakuna fangasi.

Maabara_Iringa: Usimruhusu, mkuu! Wino hukosa fangasi wakiwa wachache. Pima antijeni (alama) ya kriptokokasi, yaani huyo fangasi wa ubongo, kwenye hayo maji na kwenye damu. Kipimo cha haraka husomwa baada ya dakika 10.

Daktari_Mbeya: Presha ya maji ya uti wa mgongo je, mmepima? Hiyo ndiyo hupofusha na kuua mapema. Mlaze ubavu, pima kabla ya kutoa maji. Ikifika sentimita 25 za maji, toa mpaka ishuke chini ya 20, rudia kila siku ikipanda. Deksamethasoni (steroidi) usimpe, inadhuru.

Antijeni ya maji ikiwa chanya, dawa za fangasi ni hizi: amfoterisini ya liposomu miligramu 10 kwa kilo, mara moja tu, flusitosini miligramu 100 kwa kilo kwa siku, igawanywe mara nne, flukonazoli miligramu 1200 kila siku. Hizi mbili za mwisho siku 14. Kisha flukonazoli 800 wiki 8, halafu 200. Amfoterisini ichanganywe na dekstrosi 5%, kamwe si maji ya chumvi: inaganda. Hata mrija usuuzwe kwa dekstrosi kwanza. Fuatilia kreatinini (kipimo cha figo) na potasiamu.

Kliniki_Tukuyu: Ahsante sana. ARV hajaanza.

Daktari_Mbeya: Subirini wiki 4 hadi 6. Mkiwahi, kinga ikiamka ghafla huvimbisha ubongo.