Baba anasikia sauti lakini maneno hayashiki, nifanyeje?

Mwana wa Fundi: Wakuu, naomba ushauri. Baba ana miaka 67, amefanya kazi na mashine za kupasua mbao maisha yake yote. Ukimwita anaitika, mlango ukigongwa anasikia. Shida ni maneno. Nikisema "fika" anasikia "shika". Mjukuu wake akimwongelesha ndiyo hapati kitu kabisa. Nikipaza sauti ananijibu, "Usinifokee, nakusikia!" Tumeanza kugombana. Hasikii, au hasikilizi?

Kobe: Pole mkuu. Hiyo ni nta. Mtie mafuta ya vuguvugu.

Ticha Mawimbi: Kobe, hapana. Kiwambo cha sikio kikiwa na tundu utamuumiza mzee. Aangaliwe kwanza.

Mkuu, baba yako anasema kweli, anakusikia. Sauti ni mtetemo wa hewa. Irabu kama a na o zina nguvu nyingi chini ya mitetemo 1,000 kwa sekunde. Lakini s, f na sh ni mvumo hafifu wa pumzi, na uko juu, mitetemo 2,000 na kuendelea. Ndani ya sikio kuna koklea, mrija uliojiviringa kama konokono, wenye seli za vinyweleo. Zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, zilizo mwisho kabisa hupokea nzito. Za mlangoni ndizo huchakaa mapema, kwa umri na kwa kelele, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Kwa hiyo "fika" na "shika" kwake zote zinabaki "ika". Ukifoka unakuza irabu, ambazo tayari anazo! Na sauti ya mtoto ni nyembamba, tena ndogo.

Msumeno: Naongezea hapo kwenye kelele, maana nami nipo kwenye mbao. Kiwango kinachoshauriwa na wengi ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3 tu, nishati ya sauti inakuwa maradufu, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 ni dakika 15. Sisi tunashinda hapo bila vizibo vya masikio. Vijana, vaeni.

Dada Utulivu: Zima redio, msogelee, aone midomo yako, kisha sema taratibu kwa sauti ya kawaida. Mpeleke apimwe usikivu. Shimesikio, yaani kifaa cha kusaidia kusikia, inaweza kuwekwa ikuze zile sauti nyembamba zaidi. Ila sikio likiziba ghafla ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura, usingoje.

Mwana wa Fundi: Nimerudi. Jana nilizima redio, nikakaa mbele yake, nikaongea polepole. Tulizungumza karibu saa nzima, hakuniuliza "nini?" hata mara tano. Kumbe nilikuwa namfokea bure. Kipimo ni Alhamisi. Mjukuu naye nimemwonyesha pa kukaa.