Kiendelezi kikishatumika na kila mtu, kwa nini kisiingizwe kwenye msingi?

Mleta mada: Wakuu, hili linanikera. Kwenye OpenGL, kiwango ambacho programu hutumia kuiamuru kadi ya michoro ichore, kampuni ya kadi ikibuni kitu hukitoa kama kiendelezi, yaani nyongeza isiyo ya lazima, chenye herufi zake, mfano NV ya Nvidia. Wenzake wakikipenda kinaweza kuwa EXT (cha kampuni kadhaa), halafu ARB (kilichopitishwa na kamati ya OpenGL), halafu kinaingia kwenye msingi, ile sehemu ya lazima ya kiwango. Sawa. Sasa chukueni uchujaji wa anisotropiki, ule unaozuia barabara ya kwenye gemu isififie kule mbali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kadi zilikuwa nao. Umeingia msingi lini? OpenGL 4.6, Julai 2017!

Mchangiaji 1: Mkuu, si ulikuwa unautumia miaka yote hiyo? Msingi ni ahadi: draiva, programu inayoendesha kadi, ikijitangaza 4.6, kila kilichomo lazima iwe nacho. Ukiingiza kitu chenye hataza (haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine wasikitumie bila ruhusa) unawabana wanaoandika draiva huria. Mbano wa S3TC, wa kupunguza ukubwa wa picha za gemu, ulikuwa kila mahali, lakini watumiaji wa Mesa, draiva huria za Linux, iliwabidi waupachike kama maktaba ya pembeni hadi hataza ilipoisha 2017. Ungekuwa wa lazima ingekuwaje?

Mleta mada: S3TC nimekubali. Lakini mimi huku naandika njia mbili za msimbo, ya wenye kiendelezi na ya wasio nacho, na zote nizijaribu. Nani ananilipa?

Mchangiaji 2: Kusubiri nako kuna faida. Ile EXT ya kuhariri vitu kama picha bila kuvifunga (bind), yaani kuvichagua kwanza, ilibeba hata mrundikano wa matriki, mtindo wa zamani wa kutunza hesabu za mahali vitu vinapokaa. Toleo lililoingia 4.5 mwaka 2014 likatupa mizigo hiyo, na likaleta amri mpya kama glCreateTextures. Wangeiharakisha, tungekuwa tumeoa na mama mkwe.

Mchangiaji 3: Mnabishania OpenGL wakati Vulkan, kiwango kipya zaidi cha kazi hiyo hiyo, wameshaongeza mwendo. VK_KHR_dynamic_rendering, kiendelezi cha kurahisisha maandalizi ya kuchora (KHR ni herufi za Khronos, wenye Vulkan), ilitoka Novemba 2021, Januari 2022 ikawa msingi wa 1.3. Haikufika hata miezi mitatu! Imenisaidia nini mimi wa gemu za simu? Simu nyingi hazipati draiva mpya. Iliyonunuliwa na 1.1 inazeeka na 1.1. Mimi bado nauliza kiendelezi kimoja kimoja.

Mleta mada: Kwa hiyo tatizo ni draiva, si kamati?

Mchangiaji 3: Kwa simu, ndiyo. Na ufuatiliaji wa miale (ray tracing), wa kukokotoa njia za mwanga, ulipata KHR yake 2020, lakini hata 1.4 ya Desemba 2024 haikuuingiza. Wangeulazimisha, simu za wateja wangu zingebaki nje ya 1.4.

Mleta mada: Hapo umenibana. Anisotropiki bado sijawasamehe.