Skripti ya kuongeza kasi haishiki simu ikiwaka, ila amri hizohizo nikiziandika kwa mkono zinakubali

MtaaWaPili

Salaam wakuu,

Nina Redmi Note 4 ya Snapdragon 625, RAM GB 3, hifadhi GB 32, na MIUI ileile ya kiwandani yenye Android 7.0. Imerutiwa (nina mamlaka ya root, yaani ya mfumo wote) kwa programu ya Magisk, na TWRP, menyu mbadala ya kurekebishia mfumo, ipo. Siku hizi imekuwa nzito mno, ukiigusa WhatsApp unapata muda wa kuwasalimia wote waliopo ndipo ifunguke.

Kwenye kundi moja la Telegram nikapata skripti inayotakiwa kujiendesha kila simu inapowaka. Nikanakili mistari ninayoitaka kwenye Notepad ya kompyuta, nikaisevu kwa jina kasi.sh, nikaiweka /system/etc/init.d kama maelezo yalivyosema. Nikiwasha simu, kimya. Gavana wa CPU, yaani kinachopanga mwendo wake, bado ni interactive. Lakini nikifungua terminali, nikaandika su, kisha nikazichapa amri zile moja baada ya nyingine, zote zinapita. Skripti yenyewe ni hii:

`#!/system/bin/sh`
`# kasi.sh`
`setprop debug.performance.tuning 1`
`setprop video.accelerate.hw 1`
`echo performance > /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`
`echo 65536,81920,98304,131072,196608,262144 > /sys/module/lowmemorykiller/parameters/minfree`
`echo 100 > /proc/sys/vm/swappiness`
`echo 3 > /proc/sys/vm/drop_caches`

Nini kinakosekana? Naomba kuwasilisha.

Chuma_Moto

SELinux hiyo mkuu, ule ulinzi wa mfumo unaozuia amri. Piga `setenforce 0` halafu ujaribu tena, utanishukuru.

fundi_kimya

Kabla ya kufika huko kwenye SELinux, tuanze na folda. init.d ni mambo ya enzi za romu ya CyanogenMod. Android yenyewe haijawahi kuisoma folda hiyo, ni watengenezaji wa romu walioongeza kipande cha kuisoma. MIUI ya kiwandani haina kipande hicho, kwa hiyo faili lako linakaa pale kama mgeni ambaye hakuna aliyemfungulia mlango.

Kwa kuwa una Magisk, lihamishie /data/adb/service.d, halafu:

`chmod 755 /data/adb/service.d/kasi.sh`

Bila ruhusa ya kuendeshwa Magisk inaliruka. Ukiona pia folda ya post-fs-data.d pembeni yake, usiliweke humo. Skripti za humo zinaendeshwa mapema sana na kuwaka kwa simu kunazisubiri zimalize. Wewe una mistari ya setprop (amri ya kubadili sifa za mfumo), na setprop katika hatua ile inafunga njia kabisa: simu inabaki kwenye nembo. Ndiyo maana watu wa Magisk wanataka `resetprop -n` itumike huko badala yake.

Kibao_cha_Mbuzi

Simu ya 2017 mnaitafutia kasi ya nini jamani, iacheni ipumzike 😂

MtaaWaPili

@Kibao_cha_Mbuzi ninunulie nyingine basi, nipo PM.

@fundi_kimya nimehamisha, nimeweka 755, nimewasha upya. Bado. Nimejaribu na setenforce 0, vilevile. Nikaona niliendeshe faili lenyewe kupitia adb (njia ya kuiamuru simu) kwenye kompyuta, `sh kasi.sh` nikiwa ndani ya su. Limetoa hiki:

`: Permission deniedreate /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor`

Mstari wa minfree (mipaka ya RAM huru) na ile ya chini yake nayo imetoa ujumbe wa namna hiyohiyo. Sasa mimi ni root, nanyimwaje ruhusa? Na mbona mstari huohuo nikiuchapa mwenyewe unapita?

Chuma_Moto

Si niliwaambia, Permission denied. SELinux.

Bint_Tabora

Si SELinux. Mtazameni huo ujumbe vizuri jinsi ulivyokatwa kichwa. Unaanza na nukta mbili, halafu kuna "deniedreate", neno ambalo halipo duniani. Ujumbe kamili ulikuwa hivi:

`kasi.sh[5]: can't create /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpufreq/scaling_governor: Permission denied`

Kuna kitu baada ya scaling_governor kimeurudisha mshale mwanzo wa mstari, maneno ya mwisho yakaandikwa juu ya yale ya mwanzo. Kitu hicho ni herufi isiyoonekana ambayo Windows huiweka mwisho wa kila mstari, `\r`. Umesema umeandika kwa Notepad. Linux inataka `\n` peke yake, Notepad inaweka `\r\n`.

Kwa hiyo ganda la simu (shell, linalosoma amri) halioni njia ya scaling_governor. Linaona "scaling_governor\r", faili ambalo halipo, na alama ya `>` ikikuta faili halipo inajaribu kuliunda. Ndani ya /sys hakuna mtu anayeruhusiwa kuunda faili, hata root, maana mafaili ya pale ni madirisha ya kerneli (kiini cha mfumo) tu. Jibu linalorudi ndilo hilo la kunyimwa ruhusa. Na ndiyo maana ukichapa kwa mkono inapita, kidole chako hakiandiki `\r`.

Mtu anayetumia root ya Magisk ni nadra SELinux kumzuia hivi, kwa sababu Magisk inajitengea eneo lake lenye ruhusa zote. Kaka Chuma_Moto, setenforce 0 unayoigawa kila uzi inaondoa ulinzi wa simu nzima kwa tatizo ambalo halihusiani nayo. MtaaWaPili rudisha `setenforce 1`, halafu:

`dos2unix /data/adb/service.d/kasi.sh`

Kuhakikisha, `head -1 kasi.sh | od -c`. Mwisho wa mstari uone `\n` bila `\r` kabla yake. Halafu liendeshe tena kwa mkono, faili zima.

MtaaWaPili

Dada umenifumbua macho. Faili sasa linapita kwa mkono bila neno. `cat scaling_governor` inasema performance.

Ila nikiizima na kuiwasha, nikisoma tena ni interactive! Minfree nayo imerudi 18432,23040,27648,32256,55296,80640. Swappiness tu (kiwango cha kuhamishia kumbukumbu kwenye swap) ndiyo imebaki 100.

fundi_kimya

Hapo sasa skripti inaendeshwa, swappiness ndiye shahidi. Tatizo ni kwamba unatangulia kuandika na wengine wanakuja kufuta.

Simu nyingi za Qualcomm zina skripti yao, init.qcom.post_boot.sh. Kwako itafute /system/etc, kwenye Android za mbele ilihamia upande wa vendor. Inaendeshwa simu ikishamaliza kuwaka, yaani sys.boot_completed ikiwa 1, na kazi yake ni kupanga gavana, mwendo wa chini wa CPU na vingine vya namna hiyo. Ifungue uisome, ni maandishi tu, utaona gavana wako wa interactive anawekwa pale. Minfree ina mwandishi mwingine pia: Android yenyewe huikokotoa kulingana na RAM na ukubwa wa kioo, kisha inaiandika kupitia lmkd, huduma yake ya kushughulikia upungufu wa RAM.

service.d inaendeshwa sambamba na kuwaka kwa simu, haisubiriwi na mtu. Kwa hiyo subirisha skripti yako wewe. Chini ya mstari wa kwanza weka:

`exec > /data/local/tmp/kasi.log 2>&1`
`until [ "$(getprop sys.boot_completed)" = "1" ]; do sleep 2; done`
`sleep 60`

Wengi wanaweka huo mstari wa until peke yake. Hautoshi, kwa sababu post_boot nayo inasubiri ishara hiyohiyo na mnaanza mbio pamoja. Hiyo dakika moja ndiyo inayokupa neno la mwisho. Mstari wa exec unakuandikia kila kosa kwenye logi, usiendelee kubahatisha gizani.

Na kila ulichoandika, mwishoni mwa skripti kisome tena kwa `cat` kiingie kwenye logi hiyo. Echo kunyamaza si ushahidi kwamba kerneli imekubali.

MtaaWaPili

Imeshika! Logi inaonyesha performance, minfree mpya, swappiness 100. Asanteni sana wakuu.

MtaaWaPili

Narudi tena. Tangu jana simu imekuwa mbaya kuliko mwanzo. Nikisikiliza muziki nikafungua Chrome, muziki unakatika. Kila nikirudi WhatsApp inaanza upya kabisa. Na inachemka mfukoni. Niongeze swappiness?

Bint_Tabora

Usiongeze chochote. Mwanzo skripti ilikuwa haifanyi kazi, sasa inafanya. Tuisome basi inafanya nini, kazi ambayo ingetakiwa kutangulia.

Mistari miwili ya setprop ni mapambo. Hayo majina yamezunguka kwenye makundi miaka mingi, lakini katika msimbo wa Android hakuna sehemu inayoyasoma. Futa.

Minfree ndiyo inayokuua. Namba zake ni kurasa, kila ukurasa KB 4. Ile ya mwisho, 262144, zidisha kwa 4 unapata KB 1048576, yaani GB 1 kamili. Maana yake: RAM iliyo huru ikishuka chini ya GB 1, kerneli inaanza kuua programu zilizopumzika nyuma. Una GB 3, na mfumo wenyewe na MIUI yake vimeshachukua fungu kubwa. Uko chini ya mstari huo karibu muda wote. Namba ya kiwandani ya mwisho, 80640, ni MB 315. Hiyo ya kwako imeandikwa na mtu anayependa kuona "RAM huru" kubwa kwenye kioo. RAM huru haikusaidii kitu. WhatsApp iliyobaki kwenye RAM inarudi papo hapo, iliyouawa inabidi isomwe upya kutoka hifadhini, na CPU inafanya kazi yote ya kuianzisha tena. Muziki wako nao: ngazi za kwanza za minfree, MB 256 hadi 384, zinafika mpaka kwa programu unazozitumia.

drop_caches ni ndugu yake. Inatupa nakala za mafaili ambazo kerneli ilizitunza ili isirudi hifadhini kuzisoma. Unaisafisha, halafu dakika inayofuata simu inasoma yaleyale upya.

Performance inaishikilia CPU kwenye mwendo wa juu, GHz 2.0, hata ukiwa unasoma meseji. Joto likipanda, ulinzi wa joto unaishusha, na unabaki na simu ya moto isiyo na kasi. Interactive inapanda yenyewe ukigusa kioo, iachie.

Sasa niambie `df -h /data` inasema nini. Hili ndilo swali ambalo lingeulizwa mwanzo wa uzi.

MtaaWaPili

Kati ya GB 24 zimebaki MB 700.

Bint_Tabora

Basi mgonjwa ndiye huyo. Hifadhi ya eMMC haiwezi kuandika juu ya kilichokuwepo, lazima kwanza ifute bloku nzima. Ikijaa hivyo inakosa bloku tupu za kufanyia kazi, kila uandishi mdogo unakuwa safari ndefu ya kuhamisha na kufuta, na programu zote zinapanga foleni nyuma yake. Hakuna gavana anayetibu hilo.

Video za WhatsApp zilizotumwa na kupokelewa, hamishia kompyuta. Angalia /sdcard/WhatsApp/Media, na folda ya Sent iliyo ndani ya WhatsApp Video, watu huwa wanaisahau. Fikisha angalau GB 4 au 5 tupu. Kisha kwa su:

`/data/adb/magisk/busybox fstrim -v /data`

Hii inaiambia hifadhi bloku zipi hazina mwenyewe tena. Android hufanya hivyo yenyewe simu ikiwa chajini na imetulia, ila baada ya kufuta vingi hakuna ubaya kuiharakisha. Kwenye service.d futa kasi.sh yote na uwashe upya.

Chuma_Moto

Na swappiness 100 je? Hiyo mimi naitumia na simu haina shida.

Bint_Tabora

Kama una zram (swap iliyo ndani ya RAM) si mbaya, kwa kuwa data inabanwa humohumo na haiendi kwenye eMMC. `cat /proc/swaps` itakuonyesha. Kama orodha haina kitu, hiyo 100 haina cha kubadilisha.

MtaaWaPili

Nimetoa GB 9 za video, nyingi ni za makundi ya harusi 🙈. Nimepiga fstrim, nimefuta skripti. WhatsApp inafunguka nikigusa, muziki haukatiki. Nimebaki na service.d tupu na sina hamu ya kuijaza.

Pwani254

Samahanini kuingilia uzi. Mimi yangu ni Android 12, kerneli 4.19, niko na Magisk. Skripti kama hiyo kwa logi inaniambia /sys/module/lowmemorykiller haipo kabisa. Nimeangalia hakuna `\r`. Ni mimi nimekosea mahali ama simu imefungwa?

fundi_kimya

Haijafungwa, dirisha lenyewe halipo tena. Lowmemorykiller ya ndani ya kerneli iliondolewa kwenye Linux toleo la 4.12. Tangu Android 9 kazi hiyo inaweza kufanywa na lmkd nje ya kerneli, na kuanzia Android 10 inaweza kupima shinikizo la kumbukumbu kwa PSI, yaani inaangalia programu zimesubiri RAM kwa muda gani badala ya kuhesabu kurasa tupu. Mipangilio yake ni sifa zinazoanza na `ro.lmk`, uzione kwa `getprop | grep lmk`. Mstari wa minfree kwenye skripti yako ufute, hauna pa kuandikia.