Tupeane uzoefu: shakwe machotara na wageni kwenye makundi ya ziwani wakati wa baridi

Mleta mada
Wakuu, barafu imeanza kukamata kingo na shakwe wamejazana kwenye maji machache yaliyobaki wazi. Tulio karibu na Ziwa Michigan, Erie na Ontario huku Amerika Kaskazini tunajua hali ilivyo: wengi ni shakwe wa aina ya heringi na mdomo-pete, halafu katikati yao anatokea mmoja asiyefanana na picha yoyote ya kitabu cha ndege. Wewe wako ulimtambuaje?

Naanza. Wangu alikuwa juu ya ukuta wa kuzuia mawimbi, wa mwaka wa kwanza, mwili mkubwa, rangi ya chai ya maziwa, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi iliyoanzia ghafla. Nikasema huyu shakwe-barafu, *Larus hyperboreus*, kazi imekwisha. Ila nikasubiri anyooshe bawa. Ncha zikaonekana za kahawia, na mkia una utepe mpana wa rangi hiyohiyo. Shakwe-barafu halisi ncha zake hazina giza, awe kijana au mzee. Huyo nikamwandika chotara wa barafu na heringi, wale wanaoitwa shakwe wa Nelson.

Mama Darubini
Hapo kwenye kusubiri bawa nakuunga mkono kwa mikono miwili. Kila mwisho wa baridi watu wanatangaza "weupe", yaani shakwe-barafu na wenzake, ambao ni heringi wa mwaka wa kwanza waliopauka tu. Jua na uchakavu vinayala manyoya mpaka ndege anang'aa.

Niliyemfuatilia mimi alikaa kwenye kipande cha barafu akijisafisha, nami nimemkazia darubini ya miguu mitatu. Akiwa amekunja mabawa, mweupe kabisa. Alipoyafungua, kila unyoya ulikuwa na sehemu iliyokuwa imefunikwa na mwenzake, na hapo kahawia nzito imebaki vilevile, mpaka wake wazi kabisa. Jua halikufika huko. Chotara asingekuwa na mipaka ya namna hiyo, rangi yake ingefifia sawasawa. Na mdomo wake ulikuwa mweusi karibu wote.

Mzamivu
Mimi wanaonisumbua ni wenye migongo ya giza. Kuna mmoja alikuwa mkubwa kuliko heringi wote waliomzunguka, miguu ya waridi, mgongo kijivu kizito usiofika weusi wa shakwe mkubwa mgongo-mweusi. Nadhani alikuwa chotara wa heringi na huyo mgongo-mweusi mkubwa. Mgongo-mweusi mdogo, *Larus fuscus*, nilimwondoa mapema: yeye akikomaa miguu ni ya njano na umbo ni jembamba, mabawa marefu. Lakini msimsahau, kwa sababu naye anachanganya damu. Kisiwa cha Appledore, pwani ya Maine, mwaka 2007 alikutwa mmoja amejenga kiota na heringi.

Jua kali likiwaka, kijivu siiamini kabisa. Ndege akigeuka kidogo tu, rangi inabadilika. Siku ya mawingu ndiyo siku ya kazi, na lazima awe kando ya heringi, wote wameelekea upande mmoja.

Kipepeo wa Ontario
Shakwe wa Thayer je? Tangu 2017 wataalamu wa Marekani walipoacha kumhesabu kama spishi yake na kumweka ndani ya spishi ya shakwe wa Iceland, nimepunguza maumivu ya kichwa. Ncha za mabawa za kundi hilo zinaanzia nyeupe mpaka karibu nyeusi, kwa hiyo mimi naanza na kichwa cha mviringo na mdomo mdogo, rangi baadaye. Na ukubwa pekee usikudanganye, madume ni wakubwa kuliko majike.

Akinishinda, eBird, ile tovuti ya kurekodi ndege, ina nafasi ya machotara na nafasi ya shakwe asiyetambuliwa. Naijaza bila aibu.

Mleta mada
Mzamivu, ulimwona akiruka? Madoa meupe ya ncha za mabawa yangesaidia sana hapo. Mama Darubini, kama una picha ya yule aliyepauka akiwa amefungua bawa, tuwekee, wengi hapa hawajawahi kuuona kwa karibu huo mpaka wa rangi.