Tupeane uzoefu: kuchanganya rangi ya ndani kwa kolorani hapa Goma

Hamjambo ndugu. Wiki ijayo fundi anaingia kwangu Himbi, sebule na vyumba viwili. Ninataka kijani cha majani ya mkaratusi yaliyokauka, na dukani hakipo. Kuna nyeupe, krimu na vitubo vya kolorani, ile rangi kali ya kuchanganyia, basi. Waliochanganya wenyewe, ilikuwaje? Picha nzuri nimeona za kutosha, leteni yaliyowakuta.

Wa Ndosho: Mama, changanya yote siku moja! Kwetu fundi alichanganya ndoo ya kwanza asubuhi, ya pili baada ya kula. Ukuta una mstari toka juu hadi chini pale alipobadilisha ndoo; kabati limesimama hapo mpaka leo. Kaka yangu alimimina ndoo zote kwenye pipa safi, akakoroga hadi chini kabisa, ndipo akaanza kupaka. Piga hesabu mapema: lita 1 hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, na ukuta wenye plasta ya kukwaruza hunywa zaidi. Bakiza chupa moja, ifunge vizuri, ya kuziba mikwaruzo ya watoto.

Fundi, Katindo: Kijani cha kitubo kinatoka kikali mno. Wengi wanakimbilia kuongeza nyeupe, kinakuwa kijani cha zahanati. Weka nyekundu kidogo, au oksidi ya rangi ya udongo, tone kwa tone, ndiyo inayokituliza. Kolorani ina kiwango chake, kimeandikwa kwenye kitubo. Ukikipita, rangi haikauki vizuri, inashika nguo za watu. Ndiyo maana nyekundu nzito haitoki kwenye ndoo nyeupe, utapata waridi tu. Na usihukumu rangi ya maji ikiwa mbichi: ikikauka inakoza. Chokaa ndiyo inayopauka.

Wa mjini: Sisi tulijenga juu ya lava ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, vumbi letu jeusi mnalijua. Mita moja ya chini tulipaka rangi ya mafuta ya kijivu, juu krimu. Tunapangusa kwa kitambaa, yameisha. Hiyo nyeupe tupu mnayoiona kwenye simu, mimi siitaki.

Wa Bukavu: Plasta ikiwa mpya subirini wiki 4. Saruji mbichi inachoma kolorani, ukuta unatoka madoa.

Wa Ndosho: Mama, ampuli zako, balbu za taa, ni za njano au nyeupe? Paka kwenye ubao, mikono miwili, uuzungushe sebuleni mchana, halafu usiku taa zikiwaka.

Mwenye swali: Nyeupe. Nitafanya hivyo. Fundi, hiyo oksidi ya unga ninaimwaga moja kwa moja?

Fundi, Katindo: Hapana mama. Ilowanishe kwanza kwa maji kidogo, uiponde mpaka vidonge viishe, uichuje kwa soksi kuukuu ya nailoni. Kidonge kimoja kikibaki, rulo itakivuta mstari mwekundu ukuta mzima.