Je, utafiti uwe wajibu wa kila mshauri wa masomo?

Hoja iliyo mezani: washauri wa masomo wa vyuo vikuu vya Marekani wana chama chao, NACADA, tangu 1979, na jarida la utafiti tangu 1981. Lakini mshauri wa kawaida ameajiriwa kuhudumia wanafunzi, na utafiti haumo katika saa zake. Uingizwe kwa lazima?

Mkuu wa kitengo: Uingizwe. Tusipotafiti kazi yetu wenyewe, wengine watatupangia. Tazameni ASAP, mpango wa kuwasaidia wanafunzi wahitimu upesi, ulioanzishwa 2007 na CUNY, chuo kikuu cha umma cha Jiji la New York. Shirika la utafiti la MDRC liligawa wanafunzi 896 kwa bahati nasibu, na baada ya miaka 3 waliokuwa ndani ya mpango walihitimu 40%, wenzao 22%. Namba za namna hiyo ndizo zinazofungua mfuko wa bajeti.

Mshauri wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: Mkuu, mfano huo unanisaidia mimi. Katika ASAP mshauri alikuwa na wanafunzi 60 hadi 80, na mpango uliwapa pia nauli, vitabu na sehemu ya ada isiyolipwa na misaada mingine. Tena waliopima ni watafiti wa nje, si washauri.

Sasa pigeni hesabu. Utafiti wa NACADA wa 2011 ulikuta mshauri wa katikati (nusu ya wenzake wana zaidi, nusu wana pungufu) ana wanafunzi 296. Kila mmoja aonwe mara mbili kwa muhula, dakika 30: ni saa 296. Muhula wa wiki 15 una saa 600 za kazi, na zinazobaki huliwa na kumbukumbu, barua pepe na vikao. Ukitoa saa 4 kila wiki kwa utafiti, umefuta miadi 120. Atakayekosa nafasi ni yule anayefika bila miadi siku ya mwisho ya kuacha kozi.

Mtakwimu: Kabla hamjagawana saa, niseme kinachoharibu tafiti nyingi za aina hii. Watu hulinganisha waliokuja ofisini na wasiokuja. Anayekuja kwa hiari tayari ana juhudi, na anayeitwa kwa sababu ya alama mbovu huvuta wastani chini. Ukiwachanganya hao wawili, huwezi kujua ushauri umefanya nini.

Tiba yake ni rahisi: wagawe kwa kura kabla ya muhula kuanza. Nusu waitwe wiki ya 3, nusu wapate huduma ya kawaida, kisha uhesabu wangapi wamejiandikisha mwaka wa pili. Hakuna aliyenyimwa mlango.

Tatizo ni idadi. Kuona ongezeko la kutoka 70% hadi 75%, unahitaji takriban wanafunzi 1,250 kila kundi. Mshauri mmoja mwenye 296 atapata makundi ya 148, na tofauti iliyo chini ya pointi 13 hivi inaweza kumpita bila kuonekana. Ataandika "ushauri haukusaidia", na hilo huenda likawa si kweli. Ndiyo maana napinga neno "kila".

Mkuu wa kitengo: Basi washauri 9 waunganishe wanafunzi wao, swali moja, miaka 2. Hilo nalikubali kuliko insha 9 ndogondogo.

Mshauri wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza: Na mimi nalikubali kwa sharti moja: atakayeratibu apunguziwe wanafunzi kwanza, kwa maandishi, kabla swali halijachaguliwa. Saa 4 kati ya 40 ni sehemu ya kumi, kwa hiyo 30 kati ya 296 wahamishiwe kwa mshauri mpya anayelipwa. Wakirundikwa kwa wenzake 8, mzigo haujapungua, umehamishwa tu.

Mtakwimu: Ongezeni kamati ya maadili ya utafiti. Mkikusanya data kwa ajili ya kuboresha ofisi tu, mara nyingi hamhitaji mapitio kamili. Mkikusudia kuchapisha, peleka maombi kabla ya kugusa rekodi hata moja. Kibali hakirudi nyuma: data ya muhula uliopita iliyokusanywa kama utafiti bila ruhusa haitachapishika, hata iwe nzuri vipi.