Naomba ushauri: mahakama huangalia nini kuamua mtoto akae na nani?

Wakuu, tumeachana na mwenzangu miezi 5 sasa, na shauri la malezi ya binti yetu wa miaka 7 liko mahakamani. Najua kinachotangulia ni maslahi ya mtoto, na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unataka asikilizwe kulingana na umri na upevu wake. Sasa huyu wangu akiulizwa mbele ya baba yake anatafuna kola ya gauni, kimya. Nikimuuliza mimi, anajibu ninachotaka kusikia (mjanja huyo!). Je, hakimu humsikiliza faragha? Ripoti ya afisa ustawi ina uzito gani? Baba ana kipato kunizidi, ila madaftari ya shule nasaini mimi kila jioni. Mliopitia haya, mlipeleka ushahidi gani?